Dawa Isiyonuka

Seremala alikuwa na pua. Najua kila mtu anayo, lakini yake ilikuwa pua ya kazi. Mbao ikiletwa karakanani aliinusa kabla ya kuipima, na kwa harufu tu aliweza kukuambia kama mti ulikatwa mbichi, kama ulilala nje kwenye mvua, na kama muuzaji aliyeuleta ni mtu wa kuaminiwa. Watu wa mtaa walimtania kwamba asubuhi hunusa kwanza kama kumekucha ndipo afumbue macho. Alicheka nao, kwa sababu pua hiyo ndiyo iliyokuwa ikimletea wateja.

Wivu ndio haukumletea chochote, na wivu alikuwa nao wa kugawia mtaa mzima na akabaki na wake. Alimwonea wivu mwenye duka aliyemwambia mkewe "karibu tena". Alimwonea wivu daktari wa meno aliyemwambia afungue kinywa. Siku moja mkewe alisema mtangazaji fulani wa redio ana sauti nzuri, na wiki hiyohiyo redio ikaharibika. Hakuna aliyejua nani aliiharibu, ingawa mwenye bisibisi nyumbani mle alikuwa mmoja tu.

Msimlaumu, alikuwa na sababu yake. Enzi za ujana alikuwa akitengeneza fremu kwa ajili ya studio moja ya picha, hatua chache kutoka karakanani kwake. Studio ile ilikuwa bado inasafisha picha nyeusi na nyeupe kwa mkono, na ndani yake kulikuwa na binti aliyefanya kazi ya chumba cha giza. Binti alikuwa akitoka humo amekunja uso kwa ajili ya jua, anajifuta mikono kwenye aproni, halafu anampa Seremala picha zipimwe. Seremala akazipima. Akarudi kesho yake kuzipima tena, eti futi yake ilikuwa imepinda. Mwenye studio alipomwona kwa mara nyingine na picha ileile mkononi, alimuuliza kama picha hiyo inakua. Haukupita muda ndoa ikafungwa, wakajaliwa mapacha wa kike, na yule binti akawa Mama Pacha.

Kazi hakuiacha. Mwenye studio wa zamani alistaafu, akaja mwingine, na hapo ndipo usingizi wa Seremala ulipoanza kuingia mchanga. Yeye mwenyewe alikuwa shahidi kwamba katika studio ile maneno ya kazi yanaweza kuzaa ndoa. Mwizi humdhania kila mtu mwizi.

Huyo mwenye studio mpya watu walimwita Mpiga Picha tu. Alikuwa mrefu, hajaoa, anavaa kofia ya ukingo mpana hata siku za mawingu, na akicheka anacheka mpaka mwisho bila kuharakisha. Yeye alimwita Mama Pacha "dada". Neno hilo lilimkaa Seremala kooni. Dada gani, alijiuliza, undugu gani huo usio na shangazi wala mjomba? Na kazi yenyewe ifikirie: watu wawili, chumba kidogo, mlango umefungwa, taa nyekundu. Hata mimi ninayesimulia nisingepata usingizi mnono.

Kilichomwokoa kilikuwa pua. Mama Pacha alirudi jioni ananuka. Kulikuwa na maji ya siki wanayotumia kuizuia dawa ya kwanza, ile inayotokeza picha, isiendelee kuipika, na kulikuwa na dawa ya kukazia, ambayo harufu yake ni ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Hata akinawa kwa sabuni na limau, harufu ilibaki kwenye mikono ya blauzi na kwenye nywele. Seremala alilalamika kila siku ya Mungu. "Mke wangu, umenuka kama chupa ya siki iliyopasuka," anasema, na kujifanya kugeuzia uso ukutani. Lakini ndani ya moyo wake alikuwa ameshatulia. Harufu ile ilimwambia kwamba mkewe ameshinda ameinamia trei zake, anafanya kazi. Siku harufu ilipokuwa kali zaidi ndiyo siku aliyomwongezea chai. Siri hiyo hakumwambia mtu, mkewe ndio kabisa.

Sasa siku moja Mama Pacha alirudi ameinama. Mpiga Picha amemwambia kwamba dawa ya kukazia inawamaliza. Zile pakiti walizozoea zimepanda bei kupita kiasi, na bila dawa hiyo hakuna kazi, kwa sababu picha isiyokaziwa ukiitoa kwenye mwanga inazidi kuiva mpaka inakuwa nyeusi tupu. Ama ipatikane dawa nyingine ya gharama ndogo, ama chumba cha giza kifungwe na kazi zipelekwe kwa wenye mashine.

"Pole sana, mke wangu," Seremala alisema, akainama kuvua viatu ili asionekane meno.

Alifurahi, tusifichane. Chumba kikifungwa mkewe atakaa karakanani, amsaidie kupiga msasa fremu, na yule wa kofia atafute dada mwingine. Usiku huo alikula sahani mbili.

Kilichomtia wasiwasi ni kwamba Mama Pacha hakuwa mtu wa kukata tamaa. Siku ya mapumziko aliutandaza mezani mfuko wa plastiki, akapanga glasi mbili kuukuu zenye dawa mbili za kujaribu, akatoa vipande vya filamu vilivyoharibika. Seremala alivuta kiti. Alijiambia anakaa kulinda meza yake.

Mama Pacha alidondosha kipande kwenye glasi ya kwanza. Filamu ilikuwa na ukungu mweupe wa maziwa, na polepole ukungu ukaanza kufifia, mpaka kipande kikawa angavu na kitako cha glasi kikaonekana kupitia humo. Alifanya hivyo na glasi ya pili, na huko ukungu ulikimbia haraka sana. Kisha akarudia na kipande kingine, na kingine, katika glasi zilezile, akiangalia ni dawa ipi itachoka mapema.

"Hii ya kwanza ni ya chenga," alieleza. "Inauzwa kwa kilo, kama chumvi. Bei yake ndogo kabisa."

"Basi umepata. Chukua hiyo."

"Rahisi ghali, Baba Pacha. Inakawia. Na karatasi ikikaa muda mrefu ndani ya dawa, inainywa. Kuiosha mpaka ikatoka unahitaji maji ya kuogesha kijiji. Unadhani maji tunapewa bure?"

"Na hiyo nyingine?"

"Hii ya maji, ukiiona bei ya chupa unaweza kugeuka urudi nyumbani. Lakini unaizimua kwa maji mengi, inafanya kazi upesi, na karatasi haisharabu sana. Halafu nataka niigawe trei mbili."

"Unapunguza matumizi kwa kutumia trei mbili badala ya moja?"

Mama Pacha alicheka. Alipokuwa akiongelea kazi yake uso wake ulibadilika, na Seremala alipenda kuutazama, ila alichukia kufikiria ni nani mwingine anayeutazama. "Sikiliza. Picha inaanza trei ya kwanza, hiyo ndiyo inabeba mzigo mzito. Ikitoka huko inaingia ya pili kumalizia tu, kwa hiyo ya pili haichoki. Ya kwanza ikiisha nguvu naimwaga, ya pili inapanda inakuwa ya kwanza, na nyuma yake naweka mpya. Dawa ileile, picha mara mbili na zaidi."

"Kwa hiyo wa kwanza akichoka anamwagwa."

"Ndiyo."

"Na aliyekuwa nyuma anachukua nafasi yake."

"Ndivyo kazi inavyokwenda."

Mpango huo ulikuwa wa busara, hilo Seremala aliliona, lakini haukumpendeza hata kidogo.

Wiki iliyofuata Mama Pacha alisema dawa imepatikana na chumba hakifungwi. Seremala akatoa hongera ya mdomo, akaenda kupiga randa mbao ambayo haikuhitaji randa. Angalau, alijifariji, harufu itarudi kama kawaida.

Haikurudi.

Jioni ya kwanza mkewe aliingia, akapita karibu yake kwenda jikoni, na Seremala akavuta pumzi kama alivyozoea. Akapata sabuni. Akavuta tena, akapata sabuni na kitambaa kilichoanikwa juani. Hakukuwa na siki wala kiberiti.

"Leo ulikwenda kazini?" aliuliza.

Mama Pacha aligeuka, akamtazama, akatabasamu. "Kwa nini unauliza?"

"Nimeuliza tu."

"Nimekwenda," alisema, na akabaki amesimama pale kidogo, tabasamu lake bado lipo, kana kwamba anangoja jambo. Mkewe akaingia jikoni.

Kesho yake ikawa hivyohivyo, na siku zilizofuata. Mbaya zaidi, Mama Pacha alianza kuimba. Mwanamke anayerudi kutoka kazini msafi, amechangamka, anaimba akikata vitunguu, na ukimuuliza ametoka wapi anatabasamu! Seremala aliacha kula vizuri. Alinusa kanga zilizokuwa kwenye kamba, akanusa mkoba wake, akanusa hata viatu, Mungu amsamehe. Fremu moja aliikata fupi, nyingine akaitia gundi kinyume. Akiwa peke yake karakanani alizungumza na patasi: kama hashindi kwenye trei, anashinda wapi? Na kofia ile inashinda wapi?

Angeweza kuuliza. Mtu mwingine angesema, mke wangu, mbona siku hizi hunuki? Lakini mwenye wivu hataki jibu, anataka kukamata.

Siku moja, kabla ya saa ya chakula cha mchana, alichukua fremu mbili kwapani, akajiambia anazipeleka studio ingawa hakuna aliyeziagiza. Alikuta ukumbi wa mbele mtupu. Kiti cha wateja kilikuwa wazi, pazia la nyuma limeshushwa, na kwenye msumari kando ya mlango wa chumba cha giza ilikuwa imetundikwa kofia ya ukingo mpana. Juu ya mlango taa nyekundu ilikuwa inawaka. Kila aliyewahi kukanyaga studio ile alijua maana yake: taa ikiwaka, mlango haufunguliwi, hata nyumba ikiungua unagonga kwanza. Ndiyo maana mlango ule haukuwahi kuwekewa komeo. Taa ilitosha.

Seremala alisimama. Akasikia sauti ya mkewe ndani, halafu kile kicheko kirefu kisichoharakisha.

Akaweka fremu chini, akafungua mlango mpaka mwisho.

Mwanga wa mchana uliingia pamoja naye. Mama Pacha alikuwa upande huu wa meza, Mpiga Picha upande ule, na katikati yao karatasi kubwa za picha zimetandazwa meza nzima, zinakatwa kwa kipimo. Sanduku lao lilikuwa wazi, mfuko wake mweusi umefunguliwa. Mama Pacha alikuwa ameshika rula. Wote wawili wakamgeukia aliyesimama mlangoni.

"Funga mlango," Mama Pacha alisema kwa sauti ya chini. Kisha akaweka rula mezani. "Au acha. Haina maana tena."

Mpiga Picha aliinua karatasi moja, akaitazama pande zote mbili kama mtu anayetafuta dosari kwenye noti. Ilikuwa bado nyeupe, nyeupe kabisa, na Seremala alitaka kusema kwamba mbona haijaharibika. Mpiga Picha akaitumbukiza kwenye trei ya dawa ya kwanza. Wote watatu waliiangalia ikigeuka kijivu, halafu nyeusi kutoka ukingo hadi ukingo.

"Zote zitakuwa hivi," alisema. "Shemeji, umetumaliza."

Kulikuwa na kampuni iliyotaka picha kubwa za kutundika katika ukumbi wake, kazi nono ya kwanza tangu zamani. Karatasi hizo zilinunuliwa kwa kile kilichookolewa na dawa mpya. Haba na haba ilikuwa imejaza kibaba, na kibaba kilikuwa pale mezani, kimemwagiwa mwanga. Karatasi nyingine hazikuwepo, wala cha kununulia nyingine.

Seremala alijua anapaswa kuomba radhi. Badala yake kilichomtoka ni kile kilichokuwa kikimla. "Mbona siku hizi harudi na harufu?"

"Harufu gani?" Mpiga Picha aliuliza.

"Ya dawa. Alikuwa ananuka kila siku. Sasa hanuki. Anashinda wapi?"

Mpiga Picha alimtazama Mama Pacha, lakini Mama Pacha alikuwa akikusanya karatasi, anazipanga zikae sawasawa kana kwamba bado zina thamani. Basi akajibu yeye. "Muuzaji alikuwa na dawa za maji za aina mbili, shemeji. Moja kali, inayonuka, na nyingine isiyonuka, ambayo hata siki haiitaki, inataka maji matupu tu. Zinafanya kazi sawa. Ile inayonuka ilikuwa nafuu kidogo, nami nilitaka hiyo. Huyu dada akakataa katakata. Alisema mume wake ana pua, na amevumilia harufu miaka yote. Akasema tofauti ya bei nimkate yeye kwenye mshahara."

Hapo Seremala alitamani awe hata ile karatasi iliyo ndani ya trei.

"Nilikuwa nangoja utambue," Mama Pacha alisema, bila kuinua uso. "Kila jioni napita karibu yako. Nasema leo atatambua, leo atasema asante. Ulipouliza kama nimekwenda kazini, nilidhani unanitania."

Hakulia, wala hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali, kwa sababu kelele Seremala alizijua, zinaisha na chai. Alivua aproni akaitundika, akatoka akapita karibu naye mlangoni, na pua ya Seremala ikampata: sabuni tu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Ile kampuni haikusubiri, ikampa kazi mtu mwingine. Mwisho wa mwezi Mpiga Picha akakirudisha chumba cha giza kwa mwenye nyumba, akabaki na ukumbi wa mbele na kamera yake. Hakuwa mtu wa kinyongo. Mashine ya kukuzia picha, trei, na chupa za dawa alimwachia Mama Pacha, akasema kama akipata pa kuziweka yeye atamletea filamu, watagawana.

Pa kuziweka palikuwa mahali pamoja tu: stoo ya mbao, nyuma ya karakana. Seremala mwenyewe ndiye aliyesema. Alizihamisha nje mbao zake bora, zile alizokuwa akizitunza zikauke, akazifunika turubai akijua zitapinda. Akatengeneza meza ndefu yenye ukingo usiopitisha maji, kipimo cha trei nne, dawa ya kwanza, maji, na mbili za kukazia. Akaziba kila upenyo wa bati na kila ufa wa ukuta, akajifungia humo mchana kutwa akitafuta nukta za mwanga, na kila aliyoipata aliitia gundi na vumbi la mbao. Mama Pacha alimpa vipimo, akamshukuru kwa kila kitu alichomaliza. Alimshukuru kama mteja anavyomshukuru fundi.

Na sasa cheka, kwa maana mtaa mzima ulicheka. Seremala aliyetaka kumweka mkewe mbali na kofia ile, kofia ilihamia kwake. Mpiga Picha alikuja kila siku na filamu zake, akaketi kwenye benchi la karakana, kofia ameitundika kwenye jiriwa la kubania mbao, na neno lake la kwanza ni: "Shemeji, dada yupo?" Wakati mwingine aliingia stoo kuchagua picha pamoja na Mama Pacha, na taa nyekundu ikawashwa juu ya mlango. Taa hiyo Seremala alikuwa ameifunga yeye mwenyewe, waya na yote. Roho ilimwuma, wivu hauponi kwa aibu. Aliuma meno akapiga randa.

Stoo ilipokaribia kuwa tayari kabisa, Mama Pacha alisimama mlangoni, akaupitishia mkono ubao wa fremu ya mlango.

"Bado kitu kimoja," alisema. "Niwekee komeo."

Seremala alikuwa na penseli sikioni. Aliitoa. "Upande gani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Wa ndani."

"Kule studio hapakuwa na komeo."

"Ndiyo," Mama Pacha alisema. "Hapakuwa."

Alisubiri aone kama mkewe ataongeza neno, lolote, hata la kumkaripia. Mama Pacha alikuwa ameshageuka, anafuta chupa zake kwa kitambaa na kuzipanga kwenye rafu.

Basi akachagua komeo zuri, la chuma kizito, si yale ya bati anayowauzia wapangaji. Alilipima, akachonga nafasi yake kwa patasi, akakaza skrubu moja baada ya nyingine, akalitia mafuta. Akalijaribu. Liliteleza likaingia bila kukwaruza, na mlango haukutikisika hata alipousukuma kwa bega.

"Tayari," alisema.

"Asante. Nina filamu ya kusafisha."

Seremala akatoka nje. Nyuma yake komeo likapita, na taa nyekundu ikawaka. Seremala alisimama mbele ya mlango na bisibisi mkononi, akavuta pumzi kwenye kile kijinafasi cha chini ambacho alikuwa amekiziba mwenyewe, na hakupata kitu. Mpiga Picha, aliyekuwa amekaa kwenye benchi anangoja picha zake, alisogea pembeni akampa nafasi akae.